Nilicheka ndani ya matatu, nikalia jikoni

  Leo katika ukumbi huu sitazungumza juu ya karo wala wapangaji wasiolipa kodi. Nataka kukusimulia kitabu. Tafadhali usigeuze ukurasa! Najua wengine wenu mkisikia neno "kitabu" mnakumbuka mtihani na fimbo. Hiki hakina mtihani, na mwanzoni mimi mwenyewe nilidhani ni cha kuchekesha tu.

Kisa kilianza ndani ya matatu, Barabara ya Jogoo, jioni ya mvua, magari yamesimama kana kwamba yamepandwa. Nilikuwa karibu na dirisha nikisoma, mara nikacheka kwa sauti. Nikajizuia. Nikasoma mistari miwili, nikacheka tena hadi machozi yakanitoka. Mama aliyeketi kando yangu, kikapu cha sukuma wiki mapajani, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayejiuliza iwapo abadilishe kiti. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Dada, hicho kitabu kinasema nini?"

Nikamweleza. Kuna mtu humu ambaye jina la ukoo wake ni Major, neno ambalo kwa Kiingereza ndicho cheo cha meja. Baba yake, kwa utani wa kikatili, akambatiza Major tena, mara mbili. Alipoingia jeshini, mashine ya kupanga majina nayo ikamfanya meja. Basi akawa Meja Major Major Major. Bwana huyu haya zimemjaa hata hawezi kukutana na mtu. Akatoa amri kwamba wageni waruhusiwe kuingia ofisini mwake wakati yeye hayumo. Akiwamo, ni marufuku. Na akisikia hatua za mtu mlangoni, anaruka dirishani na kutokomea.

Mama yule akatikisa kichwa. "Huyo si wa kitabuni," akasema. "Huyo namjua. Nimemfuata miezi mitatu anitilie sahihi."

Wote waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Hata makanga akasahau kudai nauli kwa dakika nzima.

Kitabu chenyewe ni riwaya iitwayo Catch-22, ya Mmarekani Joseph Heller. Nilikinunua kwa shilingi 200 kutoka kwa wale wauzaji wa katikati ya jiji wanaotandaza vitabu vikuukuu chini, hata huwezi kuchagua bila kuinama. Jalada lilikuwa limechanika, na msomaji fulani wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli kwenye ukurasa wa kwanza: "Usikate tamaa kabla ya ukurasa wa 100." Nakushauri vivyo hivyo. Riwaya hii haiendi kwa mstari ulionyooka. Inaruka mbele, inarudi nyuma, na majina ya watu ni mengi kama abiria wa basi la Desemba. Mara mbili nilitaka kuitumia kuegemeza mlango.

Heller alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1923. Vita Vikuu vya Pili vilipochacha alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wetu wa vyuo. Mwaka wa 1944 aliwekwa katika kisiwa cha Corsica, kwenye bahari ya Mediterania, kazi yake ikiwa kulenga mabomu kutoka kwenye ndege za aina ya B-25. Aliruka mara 60. Baada ya vita alisoma, akafanya kazi ya matangazo ya biashara, na mwaka wa 1953 akaanza kuandika riwaya hii polepole. Sura ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 1955 ikiwa na jina Catch-18. Lakini kitabu kizima kilipokuwa tayari mwaka wa 1961, mwandishi mwingine, Leon Uris, alikuwa akitoa riwaya yenye namba 18 katika jina lake. Ikabidi ya Heller ibadilishwe, 18 ikawa 22. Namba hiyo iliyopatikana kwa bahati ikaingia katika lugha ya Kiingereza, na leo hata asiyewahi kukiona kitabu huitumia. Heller alifariki Desemba 1999.

Sasa, mtego wenyewe ni upi?

Mhusika mkuu ni Kapteni Yossarian, mlenga mabomu katika kikosi cha ndege za Marekani kilichowekwa kwenye kisiwa cha Pianosa, karibu na Italia. Yossarian ana ugonjwa mmoja: hataki kufa. Kila akiruka, kuna watu asiowajua wanaompiga mizinga kutoka chini, na yeye hulichukulia jambo hilo kama ugomvi wa kibinafsi. Askari akimaliza idadi ya safari zilizowekwa, anastahili kurudishwa nyumbani. Lakini mkuu wao, Kanali Cathcart, anatamani cheo cha jenerali na picha yake gazetini. Kwa hiyo kila vijana wakikaribia kumaliza, yeye huongeza idadi. Zinakuwa 40, zinakuwa 50, zinakuwa 60, mpaka zinafika 80. Ni kama mbio ambazo mwamuzi anakimbia mbele yako akiwa amebeba utepe.

Yossarian anamwendea daktari wa kikosi, Daneeka, amwombe amwondoe kazini. Daktari anasema sheria inamruhusu kumwondoa mtu yeyote mwenye wazimu, mradi mtu huyo aombe mwenyewe. Vizuri! Lakini ndani ya sheria hiyo mna kifungu cha 22. Kifungu kinasema kwamba mtu anayeogopa hatari ya kweli ana akili timamu. Anayekubali kuruka katika hatari ile ni mwendawazimu, na anafaa kuondolewa akiomba tu. Akishaomba, ameonyesha kwamba anaogopa, kwa hiyo ana akili timamu, na sharti aruke. Yossarian anasikiliza, anatafakari, na kwa moyo mkunjufu anakiri kwamba huo ni mtego uliotengenezwa kwa ufundi mkubwa.

Msomaji, niambie kama hujawahi kuwa ndani ya mtego wa namna hiyo. Kijana anamaliza chuo, anaomba kazi, anaambiwa alete ushahidi wa tajriba ya miaka mitatu. Ataipata wapi? Kazini. Na kazini ataingiaje? Awe na tajriba. Jirani yangu mmoja, mjane, alikwenda katika ofisi fulani kufuatilia haki zake, akaambiwa na karani kwamba kompyuta inaonyesha yeye ni marehemu. Akasema, "Lakini mimi huyu hapa." Karani akamjibu kwa heshima kabisa kwamba hawezi kumhudumia mpaka alete barua inayothibitisha kuwa yu hai, na barua hiyo hutolewa kwa waliomo kwenye kompyuta.

Nilipofika mahali pa Daktari Daneeka nilimkumbuka mjane huyo. Daktari huyu huogopa ndege, basi huwaomba marubani waandike jina lake katika orodha ya waliomo ndani ili apate marupurupu ya kuruka, hali yeye yuko chini. Siku moja ndege aliyoandikwa inaanguka. Orodha inasema daktari alikuwemo. Yeye amesimama pale pale ardhini pamoja na wenzake wakitazama ndege ikianguka, lakini tangu dakika hiyo ni maiti. Hapati mshahara wala chakula. Mkewe huko Marekani analipwa pesa za bima, na mwishowe anahama bila kuacha anwani.

Nikacheka sana. Nilimsomea hata mume wangu, akacheka naye.

Kuna mwingine aitwaye Milo Minderbinder, ofisa wa chakula. Huyu ni mfanyabiashara wa kuzaliwa. Ananunua mayai huko Malta kwa senti saba kila moja, anayauza kwa majiko ya jeshi kwa senti tano, na anapata faida! Ukimuuliza faida inatoka wapi, atakueleza mpaka kichwa kikuume, na mwisho atakwambia usijali, kwa sababu wewe nawe una hisa katika ushirika wake. Kila mtu ana hisa. Milo anafanya biashara na kila upande wa vita, hata Wajerumani. Mwishowe anatia sahihi mkataba nao na kulipiga mabomu kambi lake mwenyewe, wenzake wakiwa wamelala. Watu wanataka anyongwe. Milo anafungua vitabu vya hesabu, anaonyesha faida ilivyo kubwa, na anasamehewa.

Hapa kicheko changu kilianza kuwa na kokoto ndani, kama wali usiochambuliwa vizuri. Lakini niliendelea.

Kabla sijafika mbali, acha nikitendee haki kitabu hiki kwa kusema na ubaya wake. Mimi ni mwanamke, na nilichoka kuona wanawake wa Roma wakiletwa humu kama viburudisho vya askari, wengine hata majina hawakupewa. Mwandishi aliyeona kwa ukali upumbavu wa makanali hakuona vizuri uchungu wa wanawake waliokuwa chini ya makanali hao. Karibu na mwisho anajaribu, Yossarian anapotembea usiku katika mitaa ya Roma iliyoharibika na kuona mateso kila kona. Lakini ni kuchelewa.

Tena kuna swali ambalo baba yangu angeniuliza, na aliniuliza: je, kitabu hiki kinasema Hitler angeachwa tu? La.  Yossarian anaambiwa waziwazi kwamba vita hivi si vya mchezo, na kwamba adui akishinda hatawaacha hai. Hakatai. Anasema ameruka safari 70, ametimiza sehemu yake, vita vinakaribia kwisha, na wanaomtuma sasa hawamtumi kwa ajili ya nchi. Wanamtuma kwa ajili ya vyeo vyao. Hilo ndilo analolikataa.

Sasa nikueleze jinsi nilivyolia.

Tangu mwanzo wa riwaya kuna kijana anayetajwa kwa mafumbo. Jina lake Snowden. Unaambiwa tu kwamba alikufa ndani ya ndege, juu ya mji wa Avignon huko Ufaransa. Kisha hadithi inakimbilia mzaha mwingine. Baada ya kurasa nyingi anatajwa tena, sentensi chache zaidi, kisha mzaha. Tena na tena. Nilidhani ni ule mtindo wa mwandishi wa kuvuruga mambo. Karibu na mwisho kabisa, katika sura ya 41, Heller anasimama na kusimulia yote.

Snowden amelala nyuma ya ndege, amejeruhiwa. Yossarian anatambaa kumfikia. Anaona kidonda kikubwa pajani, na ingawa anatetemeka anakisafisha na kukifunga vizuri, kwa makini, mpaka anaanza kujiamini. Kijana analalamika tu kwamba anahisi baridi. Yossarian anafungua sanduku la huduma ya kwanza ili amchome mofini, dawa ya kutuliza maumivu. Mofini haimo. Imechukuliwa, na mahali pake pamewekwa kikaratasi kutoka kwa Milo, chenye maneno ya kusifu faida ya ushirika wake kwa taifa zima.

Msomaji, niliweka kitabu mezani. Nilikuwa jikoni, usiku, ugali umeanza kushika sufuria. Yule Milo wa mayai! Yule niliyemcheka hadi nikamsimulia mume wangu! Kumbe muda wote nilipokuwa nikicheka, alikuwa akiuza dawa ya kijana huyu. Na kumbe lile jeraha la paja lililofungwa kwa ustadi halikuwa lenyewe. Lenye kuua lilikuwa mbavuni, limefichwa na vazi la kujikinga, na Yossarian alipolifungua hapakuwa na la kufanya ila kumfunika kijana kwa parachuti kwa sababu ya baridi ile.

Nililia. Ukweli ni kwamba si Snowden niliyekuwa nikimlilia. Ni babu yangu.

Babu, baba yake baba, alikuwa askari wa Keya. Alitoka kijijini kwetu Machakos, akaenda Burma kupigana na Wajapani akiwa na jeshi la Mwingereza. Mwaka ule ule wa 1944, Heller akiwa juu ya Mediterania, babu alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakiteremka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko. Walipigana na tope na malaria kama walivyopigana na adui, mpaka Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Hayo niliyasoma vitabuni nikiwa mkubwa. Babu hakutusimulia hayo. Babu alitusimulia nyumbu.

Si nyumbu wa Maasai Mara. Ni yule mtoto wa punda na farasi, waliotumiwa na jeshi kubebea mizigo mahali lori zisipofika. Hadithi ya babu ilikuwa hivi. Nyumbu mmoja aligoma katikati ya tope. Ofisa Mwingereza akaja, akasimama wima mbele yake, akamwamuru kwa Kiingereza atembee. Nyumbu akamtazama. Ofisa akamwamuru kwa Kihindi. Nyumbu akafumba macho. Ofisa akatoa daftari, akaandika kosa lake. Mwishowe akaamuru askari wanne wayabebe masanduku ya risasi yaliyokuwa mgongoni mwa nyumbu. Mnyama alipoona mgongo mwepesi akaondoka kwa maringo, askari nyuma yake wakiwa wameinama chini ya mizigo. "Siku ile," babu alikuwa akisema, "nyumbu alipandishwa cheo."

Tulicheka kila mara. Babu alijua kumwigiza ofisa, alijua kumwigiza nyumbu. Wageni wakija waliiomba hadithi ile kama watu waombavyo wimbo redioni. Kitu kimoja nilikiona tangu utotoni nisikielewe: hadithi ikifika mwisho, nyanya aliinuka kwenda kuchochea moto, hata kama moto ulikuwa ukiwaka vizuri.

Siku moja, nikiwa na miaka kama tisa, niliuliza swali la kitoto. Nilisema, "Babu, na kabla ya kubeba masanduku ya nyumbu, nyinyi mlikuwa mmebeba nini?"

Babu alinyamaza. Akaitafuta kofia yake, akaenda nje kuangalia ng'ombe. Nyanya akanifinya sikio, lakini si kwa nguvu. Sikuuliza tena. Babu alifariki mwaka wa 2006, na kwenye mazishi mzee mmoja aliisimulia hadithi ya nyumbu, waombolezaji wakacheka.

Usiku ule wa jikoni, ugali ukiungua, nilimpigia baba simu. Ilikuwa saa nne usiku, akadhani kuna msiba. Nikamuuliza swali lile lile: walikuwa wamebeba nini?

Baba alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniambia. Babu alimweleza katika ugonjwa wake wa mwisho, mara moja tu. Wale askari wanne walikuwa wamebeba machela. Juu ya machela alikuwa rafiki wa babu, kijana wa ng'ambo ya mto wetu, waliyeandikishwa naye siku moja. Alikuwa amejeruhiwa, na walikuwa wakimpeleka kwa daktari. Nyumbu alipogoma, amri ikatolewa kwamba risasi zitangulie. Wakamtua chini ya mti, wakamwambia wabebaji wengine wanakuja nyuma. Wakabeba masanduku. Babu hakumwona tena.

"Lakini kwa nini alikuwa akichekesha watu kwa hadithi ile?" nikauliza.

"Hakuwa akichekesha," baba akasema. "Aliporudi kutoka vitani alikwenda kwa mama ya yule kijana amweleze. Hakujua aanzie wapi. Akaanza na nyumbu. Yule mama akacheka, na watu wakasema hajacheka tangu barua ya serikali ije. Babu yako akashindwa kuendelea. Tangu siku hiyo alikuwa akianza na nyumbu ili afike kwenye machela, lakini watu hucheka, naye huchoka njiani."

Hapo ndipo nilipokielewa kitabu cha Heller kuliko walivyonieleza wahakiki wowote. Nilikuwa nikidhani mzaha ni sukari, ya kutufanya tumeze dawa. Sivyo. Kuna jambo ambalo mtu hawezi kulisema akianza nalo, basi huanza na mayai ya Malta, huanza na Meja anayeruka dirishani, huanza na nyumbu. Hulizunguka, hulikaribia, hurudi nyuma, hukaribia tena. Heller alijeruhiwa moyo na safari ya Avignon, kwa maana hata katika vita vyake vya kweli mwenzake alipigwa pajani juu ya mji huo, naye akamtibu. Ilimchukua miaka minane ya kuandika na sura 41 mpaka amfikie Snowden. Babu alizunguka miaka 60.

Na sisi tuliokuwa tukicheka, tulimsaidia au tulimzuia? Sijui hata leo. Ninachojua ni kwamba tulikuwa tukimwomba babu hadithi ya nyumbu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemngoja amalize.

Msomaji, ningeishia hapo, lakini kuna jambo jingine. Sikuwa nimenunua kitabu hiki kwa ajili yangu. Mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani miaka miwili, na sasa anajiandaa kwa zoezi la kusajili makurutu. Kila alfajiri namsikia akifunga viatu kwenda kukimbia. Kaka yangu anafurahi. Mimi sikufurahi, na nikafikiri, kama sisi wa magazeti tunavyofikiri, kwamba kitabu kitanisemea. Nilipokimaliza nikampa.

Alisoma wiki mbili. Nilimsikia chumbani akicheka mahali pale pale nilipocheka mimi. Kisha akanirudishia.

"Shangazi," akasema kwa upole, "kitabu ni kizuri. Lakini Yossarian anatafuta njia ya kutoka. Mimi natafuta njia ya kuingia. Huku nje kila mlango una huo mtego wa 22. Jeshini nitapewa viatu, mshahara na bima. Una kazi nyingine ya kunipa?"

Sikuwa nayo. Nani kati yetu anayo? Sikumhubiria. Nchi inahitaji askari, na wapo wanaume na wanawake wa jeshi wanaolinda mipaka yetu ili mimi na wewe tusome gazeti kwa amani. Siwezi kumwambia kijana mwenye njaa kwamba kazi hiyo ni aibu. Lakini nilimwomba aketi. Nikamsimulia hadithi ya babu yake mkuu, ile ya nyumbu, ambayo alikuwa amewahi kuisikia kwa baba yake. Alipoanza kutabasamu nikamwambia bado, haijaisha. Nikaendelea mpaka chini ya mti.

Hakucheka. Alitazama viatu vyake muda mrefu. Nilikuwa nikingoja aniambie ameghairi, au aniambie hataghairi. Akauliza jambo ambalo mimi, mwandishi mwenye diploma, sikuwa nimeuliza.

"Huyo rafiki yake babu aliitwa nani?"

Tulimpigia baba simu pamoja. Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa jamaa zake wangali ng'ambo ya mto na ni haki yao kuamua. Lakini kwetu sasa linatajwa. Kijana bado anakimbia kila alfajiri. Zoezi likifika ataenda, na mimi nitamsindikiza mpaka uwanjani, roho mkononi.

Kwa hivyo, msomaji, ukikipata Catch-22 mahali wanapouza vitabu kwa kuinama, kinunue, na usikate tamaa kabla ya ukurasa wa 100. Mwisho wake sitakwambia nisikuharibie uhondo. Na kama nyumbani kwako kuna mzee mwenye hadithi moja ya kuchekesha ambayo mmeisikia mara mia, Jumapili hii muombe aisimulie mara ya mia na moja. Cheka, maana ni adabu. Kisha usiinuke kwenda kuchochea moto. Kaa papo hapo, mmiminie chai nyingine, umngoje.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.